Aksileta Inayorudi: Kukagua na Kurekebisha Kebo ya Pikipiki ya Zamani

Barabara ya James Gichuru jijini Nairobi, kutoka Waiyaki Way mpaka inapokutana na Gitanga, haimpi mwendesha pikipiki nafasi ya kuvuta mafuta kwa muda mrefu. Gari linachomoza kwenye lango la ghorofa, bodaboda inakatiza kuelekea Lavington Mall, foleni inaanza upya. Mkono wa kulia unafungua kidogo, unafunga, unafungua, unafunga. Katika mwendo wa namna hii, kazi kubwa ya kebo ya aksileta ni kurudi. Pikipiki ambayo aksileta yake haifunguki itabaki nyumbani tu. Ile ambayo aksileta yake haifungi ndiyo inayoua.

Ndiyo maana mwenye pikipiki ya zamani anapaswa kuikagua kebo hii akianzia upande wa kurudi, na si upande wa nguvu kama wengi wanavyofanya. Pikipiki zinazozungumziwa hapa ni zile Triumph na BSA zilizobaki gerejini tangu enzi za mzee, Honda za miaka ya 1970, na Yamaha DT zilizowahi kuwa za kazi shambani kabla hazijapata heshima ya uzee. Baadhi ya pikipiki za rika hilo huonekana Ngong Racecourse kwenye Africa Concours d'Elegance, shindano lililoanza mwaka 1970, ambako pikipiki hushindanishwa sambamba na magari. Kebo iliyopanguswa vizuri hupendeza siku hiyo. Lakini ganda linaweza kung'aa huku nyuzi za ndani zimeshaanza kukatika, na jambo hilo halionekani kwa kutazama.

Kifaa chenyewe ni cha kale. Ernest Monnington Bowden alikipatia hataza Uingereza mwaka 1896, na tangu hapo hakijabadilika sana: waya wa chuma uliosokotwa kwa nyuzi nyingi unapita ndani ya ganda lililozungushwa kama springi na kufunikwa plastiki. Kila mwisho wa waya una kichwa kidogo cha shaba kilicholehemiwa. Kichwa kimoja hukaa kwenye mpini wa usukani, kingine ndani ya kabureta, kikiwa kimeshika slaidi, yaani kile kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka ili kupitisha hewa na mafuta. Kebo huvuta tu, haisukumi. Kinachoirudisha slaidi chini ni springi iliyo juu yake, na springi hiyo haina nguvu ya kushindana na uchafu, kutu au mkunjo mkali.

Anza injini ikiwa imezimwa. Vuta aksileta mpaka mwisho, kisha iachie ghafla. Inapaswa kurudi yenyewe na kugonga mahali pake kwa sauti inayosikika. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, halafu kulia kabisa. Ikirudi polepole, au ikirudi vizuri upande mmoja na kusita upande mwingine, kuna kasoro. Hapa ndipo wengi hukimbilia duka la spea kununua kebo mpya, wakati kebo haina kosa lolote.

Sehemu tatu zinaweza kukwama: mpini, kebo, na slaidi. Njia pekee ya kujua ni ipi inayokwama ni kuzitenganisha. Chomoa kichwa cha kebo kwenye mpini, kisha zungusha mpini peke yake. Ukisita, fungua uangalie: mara nyingi grisi ya zamani imekauka ikawa gundi, au mpira wa mpini umesukumwa ndani sana ukawa unasugua nyumba ya swichi, au ncha ya usukani ilipinda siku pikipiki ilipoanguka. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi nyepesi kiasi cha kulainisha tu.

Kisha vuta waya kwa vidole kutoka upande wa juu, kebo ikiwa imechomolewa kwenye kabureta pia. Mkwaruzo wowote unaohisiwa vidoleni, kama vile waya unapita juu ya msasa, ni dalili ya uzi uliokatika ndani ya ganda. Kebo hiyo isitumike tena. Uzi mmoja uliokatika husimama kama mwiba, na siku moja utashika ukingo wa ganda aksileta ikiwa wazi.

Kebo ikiteleza vizuri na mpini ukizunguka vizuri, mkosaji ni slaidi. Kwenye kabureta za Amal Concentric, zilizoanza kutumiwa na pikipiki za Uingereza mwaka 1967, kuna ugonjwa unaojulikana: fundi mwenye mkono mzito akikaza kupita kiasi nati mbili zinazoshikilia kabureta kwenye injini, mwili wa kabureta hupinda kidogo na slaidi huanza kubana. Hubana zaidi injini inapopata moto, kwa hiyo jaribio la asubuhi gerejini linaweza lisionyeshe chochote. Legeza nati hizo, jaribu tena, na kama slaidi imekuwa huru, jibu limepatikana bila kununua kitu. Vumbi jekundu la Nairobi nalo lina sehemu yake, hasa kwa wale wanaopenda kuendesha bila chujio la hewa kwa sababu ya sauti au sura. Januari na Februari, kabla ya masika, vumbi hilo huingia kabureta na kusugua slaidi mpaka ikapata michirizi. Sura nzuri haistahili bei hiyo.

Kabla ya kuilaumu kebo, fuatilia pia njia yake. Kebo inapaswa kutoka kwenye mpini kwa upinde mpana, ipite karibu na shingo ya fremu bila kubanwa usukani unapokatwa, ipite chini ya tangi, kisha iteremke kwenye kabureta ikiwa imenyooka. Isiguse kichwa cha silinda wala ekzosi, kwa kuwa joto huyeyusha plastiki ya ndani na waya ukaanza kujikita humo. Isifungwe kwa kamba za plastiki mpaka ikabanwa. Kamba iwe ya kuielekeza tu. Na hapa kuna mtego: mafundi hupima kebo tangi likiwa limetolewa, kila kitu kinakwenda vizuri, kisha wanarudisha tangi juu ya kebo na kuibana dhidi ya fremu. Jaribio la mwisho lifanywe tangi likiwa limefungwa mahali pake, na lenye mafuta.

Kuhusu kulainisha, swali la kwanza ni kebo ni ya aina gani. Kebo za zamani zisizo na plastiki ndani huhitaji oili nyepesi, ya aina ya cherehani au ya injini. Itoe kebo, itundike wima, funga kifuko kidogo cha plastiki kwenye ncha ya juu kwa utepe usiovuja, mimina oili kidogo ndani yake na uiache usiku kucha mpaka matone yatokee chini. Oili inayotoka ikiwa ya rangi ya kahawia yenye chembe za kutu, endelea mpaka itoke safi, au ukubali kwamba kebo imezeeka. Kebo za kisasa zenye bomba la nailoni au tefloni ndani hazitaki oili nzito. Oili hukusanya vumbi na kulifanya tope. Zile dawa za kunyunyizia zinazouzwa kila kituo cha petroli huondoa maji na kulegeza kutu, lakini hazikai kwenye waya, kwa hiyo zisihesabiwe kuwa ulainishaji. Grisi isisukumwe ndani ya kebo kamwe.

Mvua za masika hupenya kebo kutoka juu, pale inapoingia kwenye mpini. Kama kuna kofia ndogo ya mpira mahali hapo, ihifadhi vizuri. Bei yake ni ndogo, lakini bila hiyo maji hushuka ndani ya ganda na kutua sehemu ya chini kabisa ya upinde, ambako ndiko kutu huanzia.

Sasa tuseme kebo imekufa kweli. Kuna njia mbili: kununua iliyo tayari, au kutengeneza.

Kununua, mwenye pikipiki ya Lavington ana bahati ya kuwa jirani na Kawangware, ambako spea za bodaboda hazikosekani, na si mbali na Kirinyaga Road katikati ya jiji, barabara ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kebo nyingi za bodaboda zinafanana na za Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 na ambayo muundo wake uliigwa sana na viwanda vya China, kwa hiyo mwenye Honda ndogo ya zamani mara nyingi hupata inayokaribiana. Kwa Triumph, Norton au BSA, jina la pikipiki halitamsaidia muuzaji. Nenda na kebo kuukuu mkononi na ulinganishe mambo manne: umbo na ukubwa wa vichwa vyote viwili, urefu wa ganda, nyuzi za skrubu ya kirekebishi, na urefu wa waya unaobaki wazi nje ya ganda.

Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Pima urefu wote wa waya kutoka kichwa hadi kichwa, toa urefu wa ganda. Jibu ni waya ulio huru, na ndio unaoamua kama slaidi itafika chini na kama itafika juu. Triumph Bonneville ya mwaka 1968 na kuendelea hutumia Amal 930, ambayo tundu lake lina upana wa milimita 30. Kwa hiyo slaidi inahitaji kunyanyuliwa kiasi cha milimita 30 ili tundu liwe wazi lote. Waya huru ukipungua, slaidi haitakaa chini hata kirekebishi kikilegezwa chote, na injini haitatulia. Ukizidi sana, mpini utazunguka mpaka mwisho huku slaidi ikiwa nusu ya njia.

Kutengeneza si kazi ya ajabu. Mafundi wa jua kali wanaweza kuifanya, na mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe juu ya meza ya gereji. Nunua waya wa kipimo kilekile cha ule wa zamani. Waya wa gia wa baiskeli una upana wa takriban milimita 1.2, wa breki takriban 1.5 au 1.6, na mmojawapo mara nyingi hufaa. Kabla ya kuukata, pakaza lehemu mahali pa kukatia ili nyuzi zisifumuke, kisha kata kwa kikatio kikali. Ingiza waya kwenye ganda na kwenye kichwa cha shaba sasa hivi, si baadaye. Wengi wamelehemu kichwa kizuri kabisa na ndipo wakakumbuka kwamba ganda bado liko mezani.

Ncha ya waya ichambuliwe nyuzi zake zitawanyike ndani ya shimo pana la kichwa. Hapo ndipo nguvu ilipo. Waya ulionyooka na kulehemiwa tu hushikwa na lehemu peke yake, lakini nyuzi zilizotawanyika hukamatwa na shaba yenyewe, na haziwezi kupita kwenye tundu dogo hata zikivutwa kwa nguvu. Safisha kwa petroli, acha ikauke kabisa mbali na moto, paka dawa ya lehemu, kisha tumbukiza kichwa kwenye lehemu iliyoyeyuka kwenye kikombe kidogo cha chuma kwa sekunde chache mpaka ipenye. Lehemu ya bati na risasi ya mchanganyiko wa 60 kwa 40 huyeyuka kwenye joto la nyuzi zipatazo 190 za Selsiasi, joto lisiloharibu chuma cha waya. Ndiyo sababu mashine ya kuchomelea na moto wa gesi havifai hapa: joto lake hulainisha waya, na waya uliolainishwa hukatika pembeni mwa kichwa baada ya muda mfupi. Usiupoze kwa maji wala kuupuliza. Uache upoe wenyewe.

Dawa za lehemu zenye asidi huendelea kula chuma wiki nyingi baada ya kazi kuisha. Osha kwa maji yaliyokorogwa magadi kidogo, suuza, kausha, paka oili. Laini kichwa kwa tupa mpaka kizunguke bila kushika kwenye nyumba yake, maana kichwa kisichozunguka huukunja waya kila aksileta inapovutwa, na hapo ndipo utakapokatika. Kisha funga kichwa kwenye jiliwa na uvute waya kwa uzito wa mwili. Kikishindwa mezani, ni afadhali kuliko barabarani. Onyo moja: ustadi huu utoshe kwa aksileta. Kebo ya breki ya mbele hubeba mzigo mkubwa mno, na inunuliwe kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana.

Kurekebisha ni rahisi kama mpangilio utafuatwa. Toa pikipiki nje, au fungua lango la gereji lote, kwa kuwa moshi wa injini kwenye chumba kilichofungwa huua kimyakimya. Legeza virekebishi vyote, cha juu na cha chini, ili kebo isiwe na kauli yoyote. Washa injini, iache ipate moto, na upange mzunguko wa kutulia kwa skrubu ya kabureta yenyewe: mizunguko kama 1,000 kwa dakika kwa pikipiki nyingi kubwa za Uingereza, 1,200 hadi 1,400 kwa Honda ndogo. Usitumie kebo kuipandisha injini inayozimika. Kebo iliyokazwa ili injini isizime ni slaidi inayoning'inia badala ya kukaa.

Mzunguko ukishatulia, ndipo uilete kebo. Kaza kirekebishi kidogokidogo mpaka mpini uwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6, ukipima kwenye ukingo wa mpini, kabla injini haijaanza kuitikia. Tumia kirekebishi cha chini kwa marekebisho makubwa, cha juu kwa madogo, kisha kaza nati za kufungia. Injini ikiwa inanguruma kwenye nyutro, kata usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, kebo ni fupi au imepitishwa vibaya. Usiipande pikipiki hiyo mpaka kasoro hiyo irekebishwe. Kona ya kwanza ya kugeuka kwenye barabara nyembamba itaivuta aksileta bila mkono wako.

Injini ya kabureta mbili ina hatua zaidi. Kwenye Bonneville nyingi za miaka ya 1960, kebo moja hutoka kwenye mpini na kugawanywa na kisanduku kidogo chini ya tangi, kisha kebo mbili fupi hushuka, kila moja kwenye kabureta yake. Slaidi zote mbili ni lazima zinyanyuke kwa wakati mmoja. Zima injini, toa vichujio vya hewa, vuta aksileta kidogo na uiachie huku ukisikiliza: slaidi zikigonga chini kwa sauti mbili, hazijalingana. Rekebisha kebo moja mpaka ziwe sauti moja. Honda za silinda nne ni habari nyingine, zinahitaji geji za mvuto wa hewa. Na nyingi za miaka ya 1970 zina kebo mbili kwenye mpini, moja ya kufungua na moja ya kurudisha. Ziwekee alama kabla ya kuzitoa. Ya kufungua hupangwa kwanza. Ya kurudisha huachwa na ulegevu kidogo zaidi ili zisivutane.

Mwenye Yamaha DT au AG100 asome hapa kwa makini. Injini hizi za mipigo miwili hutumia mfumo wa Autolube, ambao Yamaha iliuanzisha mwaka 1964: oili haichanganywi kwenye tangi la petroli, bali husukumwa na pampu. Kebo ya aksileta hugawanyika, tawi moja likienda kwenye kabureta na jingine kwenye pampu hiyo. Anayekaza kebo ya kabureta bila kuigusa ya pampu huipa injini petroli zaidi na oili ileile, na pistoni hukwama kwenye silinda kwa kukosa ulainishaji. Pampu ina alama za kulinganishia, na kitabu cha pikipiki kinaonyesha aksileta iwe wapi alama hizo zinapokutana. Upangaji huo ufanywe kila kebo inapobadilishwa, bila kisingizio.

Liko jambo moja la Nairobi ambalo husingiziwa kebo. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Pikipiki yenye jeti zilizopangwa kwa nchi za chini hupata petroli nyingi kuliko hewa: inakohoa mwanzoni mwa kuvuta, moshi ni mweusi, plagi ina masizi. Kaza au legeza kebo utakavyo, haitapona, kwa kuwa dawa iko kwenye jeti na sindano ya slaidi. Na anayeshuka mpaka Magadi, ambako barabara inafikia mita zipatazo 600, ataona mzunguko wa kutulia umebadilika njiani. Huo urekebishwe kwa skrubu ya kabureta.

Aksileta ikikwama wazi barabarani, zima injini kwanza kwa swichi au ufunguo, na ushike klachi papo hapo. Klachi peke yake huiacha injini ipige kelele mpaka ijiharibu. Pikipiki nyingi za kabla ya miaka ya 1970 hazina swichi ya kuzimia karibu na kidole gumba, kwa hiyo mwenyewe ajizoeze kuufikia ufunguo au kitufe cha magneto bila kutazama. Kebo ikikatika, skrubu ya mzunguko wa kutulia inaweza kupandishwa ili pikipiki itambae kwa gia ya kwanza na ya pili mpaka mahali salama. Kichwa cha kufungwa kwa skrubu, kile cha dharura, kinatosha kukufikisha nyumbani na si zaidi.

Wanaosafiri mbali hawasubiri ifike huko. Wanapofunga kebo mpya, huilaza ya akiba kando yake, njia ileile kutoka usukani hadi kabureta, na kuzifunga pamoja kwa utepe huku ncha za ya akiba zikiwa zimezibwa zisiingie vumbi. Siku ile ya kwanza ikikatika baada ya Kiserian, ambako fundi ni wa kutafuta, tangi halihitaji kutolewa. Ncha mbili zinahamishwa, ulegevu unapimwa, usukani unakatwa kushoto na kulia, na safari inaendelea. Kebo mpya nayo hulegea kidogo siku zake za mwanzo ganda linapojikaza kwenye vikombe vyake, kwa hiyo ulegevu upimwe tena baada ya wiki moja ya matumizi.